Kuchora ukutani bila kibali wakati wa korona: yaliyonipata Mathare

Ndugu, umeuliza kama kuna aliyewahi kuchora ukutani bila kibali wakati wa korona, na kama ilisaidia kitu. Mimi nilichora Mathare, Nairobi, kuanzia Juni 2020.

Kwanza saa. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku chache tu baadaye, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, hapo jirani yetu, polisi wakisimamia kafyu hiyo. Sikuthubutu kutoka usiku, na anayekushauri utoke usiku usimsikize. Juni ilipolegezwa ikawa inaisha saa kumi alfajiri. Hapo nikapata kama saa moja na nusu kabla ya njia kujaa watu.

Stensili, yaani kiolezo chenye matundu ya kupulizia rangi, nilikata kwa wembe kwenye picha kuukuu za eksirei. Zinastahimili rangi kuliko katoni, ambayo ikilowa mara mbili kingo zinavimba na herufi zinavujia nje. Mabango ya karatasi nilibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Julai, kwa baridi ile na manyunyu, uji haukauki. Kukipambazuka unakuta bango liko matopeni.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mikono miwili, povu na mfereji, kwenye ukuta wa kioski cha maji. Ndio nilikuwa namalizia povu, mama mwenye kioski akafika kufungua. Akautazama sana. Akaniambia, "Kijana wangu, huo mfereji wako unatoa maji. Huu wangu leo siku ya nne haujatoa tone."

Nyuma yake mitungi ya lita 20 ilikuwa imeshapangwa foleni, mitupu. Iliniuma. Kila siku redio zilituambia tunawe kwa sekunde 20, na mimi nimekuja kurudia maneno yale yale juu ya mfereji mkavu.

Nikamuuliza anataka nini hapo. Akasema: siku za maji, na bei ya mtungi, ili watu wasipandishiwe. Nikaiacha mikono, mfereji nikaufuta kwa rangi nyeusi, ukawa mstatili wa kuandikia kwa chaki. Akawa anaandika mwenyewe.

Wiki ya pili walikuja askari wawili wakiuliza nani kachora. Mama akawajibu, "Ni ubao wangu wa biashara." Wakaenda zao.

Michoro yangu ya katikati ya mji, ambako sikumjua mtu, ilipakwa rangi mmoja baada ya mwingine. Ule wa kioskini ulikaa, na chaki iliendelea kubadilishwa hata korona ilipopungua.

Kwa hiyo ukuta unaotaka kuuchora, pita hapo asubuhi kwanza. Jua ni nani anafungua biashara hapo, ukae naye, umuulize kabla hujatikisa kopo la rangi.