Sanamu? Kwanza Niambieni Mtachonga Uso wa Nani

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: ni mwigizaji gani wa Kenya aliyetangulia mbele ya haki anayestahili kujengewa sanamu, na isimame mji gani? Majibu ya mwanzo mliyochapisha karibu yote yamemtaja Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa televisheni. Sina ugomvi nayo. Ila swali lenu limenigusa pengine, na mtanivumilia nikilijibu kwa upande.

Kinachoniudhi mimi si ukosefu wa sanamu. Ni kwamba kuna waigizaji tunaowajua sura na hatuwajui majina. Siwasemei wale vijana watanashati wanaopewa mchumba na wimbo. Nawasemea wanaopewa baba mkali, mlevi, chifu, mganga, askari, dikteta. Mtu anaifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi, akifa ndipo gazeti linatuambia kumbe aliitwa fulani. Kuwachongea hao sanamu, nilidhani nilipoanza kuandika, ni kuwapa jiwe waliokosa mkate. Wakenya tulichanga pesa Mzee Ojwang' atibiwe macho. Kama kuna pesa za kununulia shaba ya sanamu, mbona hazikuwepo za macho?

Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, kazi ya ualimu imenileta Nakuru, kwa hiyo nina haki ya kusema hili kutoka pande zote mbili. Ojwang' jina lake lilikuwa Benson Wanjau. Mgikuyu. Lakini kule kwetu, enzi za shirika la utangazaji la taifa, VoK, na hata lilipogeuka KBC mwaka 1989, wakati stesheni ni moja na televisheni ni moja kwa ploti nzima, hakuna aliyetaka kusikia habari hiyo. Miwani ile, Kiswahili kile chenye lafudhi ya Kijaluo, zile fujo na Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo (ambaye ni Mary Khavere, jina la Kimaragoli mchana kweupe): huyo alikuwa mtu wetu. Hata baada ya yale mauaji ya kikabila ya uchaguzi wa 2007 na 2008, ambayo watu wa Nakuru, Naivasha na Kisumu hatuhitaji kukumbushana, sikumsikia mtu kwetu akimkana. Alipofariki Julai 12, 2015, akiwa na miaka 78, kwetu walimlilia Ojwang'. Wanjau walimjulia kwenye tangazo la kifo.

Sasa geuza sarafu. Mtu ambaye kweli alikuwa wetu, wa damu, mzaliwa wa Alego kule Siaya, sisi wenyewe tulimwita Amin.

Joseph Olita ndiye aliyemwigiza Idi Amin, dikteta wa Uganda, katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981 kuhusu kupanda na kuanguka kwa Amin. Aliyekuwa mtoto magharibi mwa Kenya miaka ile atanielewa nikisema kwamba kwetu jina Amin halikuwa habari za nje. Februari 1976 huyo bwana alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya hii, kuja mpaka karibu na Nairobi, ni Uganda kwa asili. Kisumu ndani, Nakuru ndani. Na ubaya wa uongo ule ni kwamba ulikuwa na punje ya kweli, maana mpaka 1902 Waingereza walihesabu pande hizi kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mama yangu alikuwa akitutishia usiku kwa jina hilo. Amin alipinduliwa Aprili 1979, lakini mama hakuacha.

Filamu yenyewe niliiona mwishoni mwa miaka ya 1980, katika banda la video pale Kondele. Mabati, madirisha yamezibwa kwa katoni, mabenchi yaliyotoa misumari, deki moja na televisheni yenye chenga. Ubao wa nje umeandikwa kwa chaki: AMIN, KILA KITU. Tukaingia kwa fujo tukidhani tutaona vita.

Kulikuwa na mzee jirani yetu tukimwita Ja-Uganda, yaani mtu wa Uganda. Alifanya kazi kiwanda cha nguo Jinja, akarudi wakati wa Amin na sanduku moja, na habari za kule hakuwahi kuzisimulia, si kwa watoto si kwa watu wazima. Siku hiyo tukashtuka kumwona anainama mlangoni, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile la Kisumu. Wakubwa hawakuwa wakiingia kwenye video. Vijana wa benchi la mbele wakamsogelea, wakasema, "Jaduong' (mzee), kaa hapa," na akakaa magoti yakikaribia kugusa televisheni.

Shida ya picha ile ilianza mapema. Sheria ya banda la video ilijulikana: stelingi hafi, na stelingi ndiye unayemshangilia. Sasa hapa anayeonekana muda wote, mwenye kimo, mwenye kicheko, mwenye sare iliyojaa nishani, ndiye muuaji. Watu hawakujua wapige makofi wapi. Olita akicheka, banda zima lilicheka naye, kisha kinakuja kitu cha kutisha na kicheko kinawakwama kooni. Mara nyingine walicheka tena, kwa woga. Ja-Uganda hakucheka wala hakujifunika uso. Alikuwa ameegemea mbele anatazama mikono ya yule mtu.

Katikati ya picha yakazuka mabishano. Jamaa mmoja wa kupakia magari stendi akasema huyo si Amin, huyo ni wuod Alego, mwana wa Alego, na kwamba binamu yake anaijua boma lao. Wakamzomea. Mmoja akaapa kwamba ni Amin mwenyewe, amerekodiwa kwa siri. Mwingine akasema Mjaluo hawezi kutembea vile. Wakawekeana soda.

Sasa mwenye video alikuwa na desturi yake. Majina ya mwanzoni anayarusha mbele, na ya mwisho hayaonyeshi kabisa: hadithi ikiisha tu, kidole kwenye kitufe, kanda nje, sinema ya Mchina ndani. Alipoinuka kufanya hivyo, mzee akasema, "Acha."

"Jaduong', yamebaki majina tu."

"Ni hayo majina ninayotaka."

Nyuma wakaanza kupiga miluzi. Mzee akatoa sarafu, kiingilio kingine kizima, akaziweka juu ya televisheni moja moja. Kisha akageuka, akaniona na sare yangu ya shule, akaniita kwa kidole. "Nyathina (mwanangu), njoo usome. Soma kwa sauti." Nikasimama kando ya kioo, nimeufunika mwanga nusu, miluzi imekuwa matusi, na yale maandishi madogo meupe yakipanda kwenye chenga kwa kasi ambayo hata mwalimu wangu wa Kiingereza asingeiweza. Nikalidaka: Joseph Olita.

"Soma tena."

Lilikuwa limeshapita. Mwenye video akarudisha kanda, huku akisonya, na watu wote wakaona maandishi yakishuka badala ya kupanda, kisha yakapanda tena. Nikasoma mara ya pili. Yule mpakiaji akaruka juu: "Si niliwaambia! Olita! Hilo ni jina la wapi?" Soda yake alilipwa palepale, hilo nakumbuka, na ilikuwa ya moto.

Ja-Uganda alilirudia jina lile polepole. Halafu akasema, "Basi ni mtu tu," akavaa kofia vizuri, akatoka. Mpaka leo sijui kama alimsema Olita au Amin.

Nimelisimulia kwa kirefu na naona mhariri atalikatakata, lakini ndilo jibu langu lilipo. Wiki zilizofuata mtaani kwetu kila mvulana alikuwa Amin, vizibo vya soda vimebanwa kifuani kuwa nishani. Hakuna aliyecheza kuwa Olita. Hakukuwa na cha kucheza: hatukujua anavaaje, anaongeaje, anacheka vipi akiwa nyumbani kwao. Na mimi niliyelisoma jina lake mara mbili mbele ya umati nilikuwa nikisema "ile sinema ya Amin, yule Amin wa sinema" mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Ukubwani ndipo nilijifunza mambo mengine. Kwamba katika filamu ile yumo Denis Hills, yule Mwingereza ambaye Amin wa kweli alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa maneno aliyoyaandika juu yake, akaokolewa baada ya waziri wa Uingereza kusafiri mpaka Kampala. Hills alijiigiza mwenyewe. Hebu fikiria kazi ya Olita hapo: unasimama mbele ya mtu ambaye uso ule unaouigiza ulitaka kumuua kikwelikweli, na unatakiwa umtishe kwa mara ya pili. Na kwamba mwaka 1991 Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala, inayoanzia kwenye kufukuzwa kwa Wahindi Uganda mwaka 1972, alipohitaji Amin wa dakika chache alimwita nani? Olita. Miaka kumi imepita, sare ni ileile.

Kuna watakaosema Forest Whitaker alimcheza Amin vizuri zaidi katika The Last King of Scotland, na Oscar ya 2007 ni ushahidi. Nimeitazama. Mmarekani yule ni fundi, na alipewa hadithi yenye vyumba vingi, ilhali ya Olita inakimbia kutoka maiti hadi maiti na mahali pengine inatia chumvi mpaka chakula hakiliki. Nakubali yote hayo. Lakini Whitaker alivua sare akaenda kuwa watu wengine kumi. Sisi Olita tulimzika nayo. Namaanisha katika vichwa vyetu. Alifariki Juni 2014 huko kwao Alego, karibu miaka 11 baada ya Amin mwenyewe kufia Jeddah, na vichwa vya habari vilikuwa vilevile: "Amin" amekufa.

Naliona jambo hili hata shuleni. Vikundi vinavyozunguka na michezo ya vitabu teule hutujia kila mwaka. Vijana wengi wao wamekomazwa na majukwaa kama hili letu la Nakuru Players. Mmoja anaingia na koti anakuwa mwanasiasa, analigeuza ndani nje anakuwa mlinzi, anajifunga leso anakuwa mama wa soko, na wote watatu unawaamini. Mchezo ukiisha wanafunzi wanamkimbilia wakipiga kelele jina la mhusika. Siku hizi nawalazimisha waulize jina lake halisi na waliandike daftarini. Wananiona msumbufu.

Basi, sanamu. Nilipoanza nilikuwa napinga. Nimefika hapa na naona ninachopinga hasa ni sanamu ya Ojwang', kwa sababu Ojwang' tunaye. Mtoto wa juzi anamwiga bila kufundishwa. Kama fedha ipo na hakuna namna ya kuigeuza kuwa bima ya matibabu ya waigizaji walio hai, jambo ambalo ningeliweka mbele, basi iende kwa Olita.

Lakini hapo ndipo pagumu. Mchongaji atatumia uso gani? Picha zake tunazozijua ni za Amin. Chonga kwa kufuata hizo, umejenga sanamu ya Idi Amin kwenye ardhi ya Kenya, ile aliyoitaka mwenyewe mwaka 1976, tena bure. Rafiki yangu wa Busia alinichekesha akisema iwekwe mpakani, ielekee Uganda. Huo ni uchokozi. Kisumu nako sipaamini: ni mwaka uleule wa 2014 tulipoiangusha sanamu ya Kalasinga, yaani Mhindi wa dini ya Sikh, kwa madai ya ushetani, na ile haikuwa na uso wa mtu aliyeua yeyote.

Nasema Siaya mjini, mahali penye watu, si kwenye ua wa ofisi. Familia yake iulizwe kwanza, na ikisema hapana iwe hapana. Itafutwe picha ya nyumbani, ya harusi au ya matanga, shati la kawaida, bila kofia ya jeshi. Jina liwe kubwa kiasi kwamba mtu aliye ndani ya matatu inayopita aweze kulisoma bila kuomba dereva arudi nyuma. La Amin liwekwe chini, kwa maandishi madogo, au lisiwekwe. Hapo bado nasitasita, maana bila hilo sijui ni nani atakayesimama kuuliza.