Upasuaji wa Kukaza Tumbo: Muulize Daktari Misuli Itashonwaje

Wanaoniuliza kuhusu upasuaji wa kukaza tumbo huanza na kovu na ngozi. Mimi huwaambia waanze na ukuta wa misuli, kwa sababu ukilegea, hata ngozi ivutwe namna gani, tumbo litachomoza tu.

Baada ya kuzaa, uzito wangu ulirudi lakini tumbo halikurudi. Nikilala chali na kuinua kichwa, tuta liliinuka katikati, na nikibonyeza juu ya kitovu vidole vilizama. Misuli miwili mirefu ya mbele ilikuwa imeachana na utando unaoiunganisha umetanuka. Mwachano unaozidi sentimita 2 hivi madaktari huuona si wa kawaida. Jaribu mazoezi kwanza kwa miezi kadhaa, maana wapo wengi wanaopata nafuu.

Kwenye upasuaji, ngozi na mafuta huinuliwa hadi karibu na mbavu. Kisha daktari hushona ile ala ngumu inayofunika misuli, kuanzia chini ya kidari hadi juu ya kinena, kingo mbili zikutane katikati. Hapo ndipo pa kuuliza sana. Atashona tabaka moja au mbili? Kwa nyuzi za kudumu, au zinazoyeyuka taratibu kwa miezi? Za kudumu zinaaminika, ila mtu mwembamba anaweza kuhisi mafundo chini ya ngozi. Je, ataongeza mshono wa pembeni ili kubana kiuno? Kama una ngiri ya kitovu, itajwe mapema, kwani inabadilisha mpango mzima na usalama wa kitovu chenyewe. Na kama tumbo limejaa mafuta ya ndani, yaliyozunguka utumbo, punguza uzito kwanza. Hakuna mshono unaoyaondoa.

Ukuta ukikazwa, shinikizo ndani ya tumbo hupanda. Siku za mwanzo nilitembea nimeinama, na kila nilipotaka kukohoa nilikumbatia mto tumboni. Tembea hivyo hivyo, kidogo kidogo, tangu mapema, maana damu kuganda miguuni ni hatari ya kweli. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakatika ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vitu vizito, pamoja na mtoto wako, viache kwa wiki 6 hivi, au kadiri daktari atakavyokuambia.

Kama bado unapanga kuzaa, upasuaji usubiri. Mimba inaweza kuutanua tena ukuta ule ule.