Mwanangu, kuhusu kazi ya kuwasikiliza watoto wa watu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako kaisoma kabla yangu kama kawaida. Unauliza kama kweli kuna haja ya kurudi chuoni kutafuta shahada ya uzamili ya ushauri nasaha, ilhali saikolojia umeshaisoma na watoto wanakupenda. Unataka uanze mara moja kazi ya mshauri wa wanafunzi kwenye shule za serikali huko Marekani, na masomo unayaona yanakuchelewesha.

Unamjua shangazi yako. Mpaka leo ukimuuliza anaendeleaje, anakujibu kwa swali. Bibi yako alipougua, yeye ndiye aliyekesha naye, na darasani akawa anasinzia. Mwalimu aliyepewa jukumu la kuwashauri wanafunzi akamwita pembeni, akamuuliza kwa upole, naye akafunguka: kumgeuza mgonjwa, kufua mashuka usiku wa manane, yote. Kesho yake mwalimu akasimama mbele ya mstari wa asubuhi, akaisimulia shule nzima, akaomba wenzake wamchangie.

Nilikuwa nyuma yake. Vichwa vyote viligeuka. Yeye akashika uzi uliokuwa umechomoza kwenye mkono wa sweta, akauvuta, akazidi kuuvuta, mpaka upindo wote ukafumuka. Michango ilipatikana, hakuigusa. Na hakumwambia mwalimu yeyote jambo lake tena.

Mwalimu yule alikuwa na moyo mwema. Nalisema hilo kwa sababu na wewe unao, na kwenye barua yako umeuandika kana kwamba ndio cheti chenyewe. Siri ya mtoto ni amana, mwanangu. Moyo mwema peke yake haujui kuitunza.

Mama yako ananipinga. Anasema wasomi wasiofunga midomo tumewaona, na wasiosoma waliokufa na siri za watu tumewazika. Ni kweli, siwezi kubisha. Labda yule mwalimu hata angesoma angefanya vilevile. Lakini hapana, sidhani. Hakuna aliyewahi kuketi naye akamwambia: hili lisikutoke, na hili huna ruhusa ya kulinyamazia. Maana lipo na la pili. Huko uliko, sheria inamlazimu mshauri wa shule kutoa taarifa akishuku kwamba mtoto anadhulumiwa. Sasa mtoto yuko mbele yako analia, anakuapisha usiseme. Utajuaje umwambie nini, na umwambie kabla hajaanza kusimulia au baada?

Nimesoma zile karatasi ulizotuma. Programu zilizoidhinishwa na CACREP, chombo kinachokagua masomo ya ushauri huko, zinadai krediti 60 za masomo, saa 100 za mafunzo ya awali kwa vitendo, kisha saa 600 kazini, na katika hizo 240 uwe unawahudumia watu moja kwa moja. Wewe umezihesabu kama miezi inayopotea. Mimi jicho langu limeganda pale palipoandikwa kwamba saa zote hizo kuna mtu anakusimamia, anapitia ulivyozungumza na mwanafunzi na kukuuliza kwa nini ulisema vile. Natamani mwalimu wa shangazi yako angekuwa na mtu wa namna hiyo siku moja tu, jioni ile kabla ya mstari.

Na usidhani utakuwa unasikiliza kutwa nzima. Kazi hii huko ilianzia kwenye kuwaongoza vijana kuchagua ajira. Mmoja wa walioianzisha, Frank Parsons, alifungua ofisi yake ya kuwaongoza vijana huko Boston mwaka 1908. Mpaka leo utapanga masomo na kujaza fomu za vyuo. Chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi zimepita hapo mbali. Katika kundi hilo, anayesinzia dawati la nyuma utamwona saa ngapi? Hilo nalo ni la kujifunza. Siri ya mtoto ni amana, ila kwanza umfikie.

Uamuzi ni wako, nimemwahidi mama yako kwamba sitakuamulia, ingawa ulimi unaniwasha. Majimbo mengi yanadai hiyo shahada ndipo upewe leseni, na kila jimbo lina masharti yake. Basi kabla hujalipa ada popote, waulize idara ya elimu ya jimbo lako kama programu hiyo wanaitambua. Majibu yao nitumie, nataka kuyasoma mwenyewe.

Baba yako