Jibu: Saa 12 inatokea kama "saa 0" nikigeuza kwenda saa za Kiswahili

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, programu yako ya risiti hutoa 6 kwenye saa, hugawanya kwa 12 na kuchukua baki, kwa hiyo 06:00 na 18:00 inaandika "saa 0" badala ya saa 12, na 03:00 inatoa "saa -3".

Kwanza hakikisha saa unayopokea ni ya Nairobi. Seva nyingi huhifadhi UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko saa 3 mbele, kwa hiyo risiti ya 01:30 usiku itaangukia tarehe ya jana. Rekebisha hilo, tarehe na yote, ndipo ugeuze namba.

Hiyo -3 inatokana na lugha ya programu ya JavaScript: ukigawanya namba hasi, baki hutoka hasi. Python, lugha nyingine, haifanyi hivyo. Basi usitoe 6. Jumlisha 5, gawanya kwa 12, chukua baki, kisha ongeza 1. 06:00 inakuwa 12, 07:00 inakuwa 1, 00:00 inakuwa 6.

Mimi kosa hili liliniumiza kwenye ratiba ya mabasi: basi la alfajiri liliandikwa saa 0, abiria wakadhani limefutwa. Nilikuwa nimejaribu saa za mchana tu! Jaribu 05:59 na 06:00, 17:59 na 18:00, 23:59 na 00:00. Sehemu ya msimbo wako inayoshughulikia tarehe hukuibandika, siwezi kuisemea.