Milimita nne ambazo biti haizifikii

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni hatua gani katika kazi ya mikono yako ambayo watu huipita haraka, kumbe ndiyo inayoamua kazi itakuwaje?"

Mimi nakereza kalamu za mti, yaani nazichonga kwa patasi mti ukizunguka kwenye mashine, na jibu langu ni tundu. Kalamu ikishakamilika tundu halionekani. Limejazwa bomba la shaba, na bomba limefunikwa na mti. Anayeishika kalamu husifu umbo na mng'aro. Lakini vipande vingi vilivyoniharibikia havikuharibikia kwenye patasi wala kwenye msasa. Viliharibika biti, yaani chuma cha kutobolea, ilipokuwa inatokeza upande wa pili. Kichwa cha mti kikafumuka, vibanzi vikaruka, na ukuta wa tundu ukabaki na pengo lisilozibika.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii: tunaanza na kipande cha mraba, kwa kawaida chenye unene wa milimita 19 na urefu wa milimita 127. Kwa kalamu nyembamba ya kawaida tunakikata katikati, tunatoboa kila nusu kwa biti ya milimita 7, tunagandisha bomba ndani, kisha ndipo tunakereza. Ukuta wa mti unaobaki mwishoni ni mwembamba sana, na sehemu zilizo karibu na vyuma vya kalamu ni nyembamba kuliko zote. Pengo dogo kwenye kichwa cha tundu litakuja kutokea hapo hapo, kandokando ya pete, mahali ambapo jicho hutua kwanza.

Mti hufumukaje? Tundu la kalamu hufuata urefu wa nyuzi, na nyuzi za mti huachana kirahisi kwa njia hiyo, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kupasua kuni. Halafu katikati kabisa ya ncha ya biti ya kawaida pana ukingo mfupi butu ambao haukati sawasawa, unasukuma. Mti ukiwa mnene mbele yake, msukumo huo hauna madhara. Zikibaki milimita moja au mbili, kilichobaki kimekuwa kama kifuniko chembamba, nacho husukumwa nje kizima na kung'oa nyuzi za jirani. Wakati huo huo mkono bado unakandamiza kwa nguvu ile ile ya mwanzo. Upinzani unapokwisha ghafla, biti huruka mbele, mifereji yake hujikaza ndani ya mti kama skrubu, na badala ya kukata inachana.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kupunguza nguvu ukikaribia mwisho na kuweka ubao wa taka chini ya kipande. Ni ushauri mzuri na bado naufuata. Lakini ubao wa chini husaidia pale tu unapogusana na kichwa cha kipande pande zote, na kipande kilichokatwa kwa msumeno wa mkono ni nadra kukaa wima kiasi hicho. Uwazi usiozidi unene wa karatasi unatosha kuziachia nyuzi nafasi ya kukimbilia. Wengine hutoboa nusu kutoka upande mmoja na nusu kutoka upande mwingine. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu biti hupotoka kidogo ikifuata nyuzi, matundu mawili hayakutani sawasawa, na bomba linakwama katikati gundi ikiwa imeshaanza kukauka.

Ninachofanya sasa ni kutoitokeza biti kabisa. Natoboa, nasimama kabla ya kufika mwisho, nakitoa kipande kwenye jiliwa (kibanio chake), kisha nakata kwa msumeno ile sehemu ambayo biti haikuifikia. Tundu linafunuliwa na meno madogo ya msumeno yanayokata nyuzi kwa upana.

Hesabu yake inahitaji kufanywa kabla ya kukata chochote. Chukua kipande cha milimita 127. Ukikikata katikati, ukitoa kilicholiwa na msumeno, kila nusu inabaki na milimita 62 hivi. Bomba lina urefu wa milimita 53. Naongeza milimita moja kila upande kwa ajili ya kusawazisha vichwa baadaye, jumla 55. Sasa kuna jambo ambalo wengi hulisahau: ncha ya biti imechongoka kama pia ya kuchezea. Biti ya milimita 7 yenye ncha ya pembe ya digrii 118 ina mchongoko wa urefu wa milimita 2 na kidogo, na ndani ya urefu huo tundu halijafika upana wake. Kwa hiyo naweka kizuio cha mashine ili ncha ifike milimita 58. Upana kamili unaishia karibu na 56, msumeno unapita kwenye 55, na chini ya ncha kumebaki milimita 4 za mti mzima ambazo biti haikuzigusa. Hizo nne ndizo zinazoshikilia kila kitu. Kipande cha kawaida kinatosha bila kuongeza chochote, mradi usikikate kwa uchoyo.

Tena natoboa kila nusu kuanzia upande ule uliokuwa katikati ya kipande. Naweka alama ya penseli pale kabla ya kukata, ili nisikosee. Faida ni mbili: sehemu ninayoitupa inatoka kwenye ncha za nje, kwa hiyo mistari ya mti inaendelea vizuri kutoka nusu moja hadi nyingine, na kama biti imepotoka, imepotokea mbali na maungio.

Njia hii niliishika baada ya kuharibu kitu kisicho na cha pili. Rafiki alinipa mguu wa kiti cha marehemu baba yake, akitaka kalamu mbili. Ya kwanza ilitoka salama. Ya pili ilifumuka. Nilipiga magoti nikatafuta kibanzi sakafuni, nikakipata, nikakigandisha. Nilimweleza kilichotokea naye akaipokea kalamu kwa furaha, lakini mstari wa ule mshono naujua ulipo, na kila nikimwona anaandika jicho langu linaenda pale.

Hata hivyo kuacha milimita nne hakumponyi mtu mwenye haraka, kwa kuwa joto nalo hupasua. Kila milimita 5 naitoa biti nje kabisa na kuipangusa, si kuirudisha nusu tu. Unga ukijaa kwenye mifereji, biti hukoma kukata na kuanza kusugua. Mpingo na miti mingine mizito hupata nyufa kama nywele, na akriliki, plastiki ambayo nayo hukerezwa kalamu, hulainika ikang'ang'ania biti. Kwa mti mgumu naizungusha kama mara 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, akriliki karibu nusu ya hapo. Biti ikianza kulia, simamisha. Ama imeziba ama ni butu, na biti butu haina dawa nyingine ila kunolewa.

Kuna swali moja ambalo naulizwa kila nikieleza haya: itakuwaje kipande kikiwa kifupi, kimelingana na bomba na hakina cha kutupa? Hapo naongeza mti. Nasugua kichwa cha kipande kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo hadi kitulie, nafanya vivyo hivyo kwa kipande cha taka chenye unene wa milimita 10, kisha naviunganisha kwa supaglu na kuviacha vikauke kabisa, si dakika mbili. Mti ukiwa umeoza kidogo au una mafundo, kwanza naunywesha supaglu nyepesi kichwani hadi uache kunywa. Biti inavuka maungio bila kuona tofauti, inaishia ndani ya taka, na msumeno unapita mahali pa gundi, wembamba wa nywele upande wa taka.