Karatasi inasema aleji ya vitu vinne, mtoto kadhurika na kimoja

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Tanga, mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi miwili. Toka mdogo ana pumu ya ngozi, anajikuna usiku mpaka asubuhi shuka ina damu. Mwezi uliopita nilimpa yai la kuchemsha, nusu tu, robo saa haijaisha midomo ikavimba, akatoka mapele mwili mzima kama kaumwa na siafu, akatapika. Hospitali wakamchoma sindano akatulia, afu wakachukua damu. Majibu: ute wa yai 1.8, ngano 0.9, maziwa 0.6, karanga 0.42, samaki chini ya 0.10. Kuna na IgE ya jumla 712, imepigwa nyekundu. Alienikabidhi karatasi akasema niache kila kilichovuka 0.35. Sasa dokta huyu mtoto uji wa lishe wenye karanga anakunywa toka ana miezi saba, na naupikia maziwa ya ng'ombe, chapati ndo usiseme, hajawahi kutoka hata kipele kimoja. Nimeviacha wiki tatu, kapungua gramu 400 na ngozi iko vilevile. Mamkwe anasema namshindisha mtoto njaa sababu ya karatasi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mama. Kwa ngano, maziwa na karanga namuunga mkono mamkwe. Kwa yai hapana, hapo karatasi na wewe mnasema kitu kimoja.

Kipimo hicho hakipimi aleji yenyewe. Kinapima IgE, chukulia ni walinzi wa mwili walioikariri sura ya chakula fulani. Kuna watoto kibao wana walinzi waliokariri karanga na karanga wanazila kila siku, hakuna ugomvi. Hiyo 0.35 ni mstari tu wa maabara, ukivuka wanaandika kwamba kuna kitu kimeonekana, afu wanagawa madaraja kuanzia 0 mpaka 6, la 6 ni zaidi ya 100. Karanga yako ya 0.42 ni daraja la 1, maziwa pia la 1, ngano la 2. Namba ikipanda kinachopanda ni uwezekano kwamba mtoto akila atadhurika, haikwambii atadhurika kiasi gani, mana kuna wenye 2 wanabanwa pumzi na wenye 30 wanaishia vipele vya mdomoni.

Ndo mana swali la kwanza la daktari anaejua hii kazi sio "namba ngapi", ni "alikula nini, baada ya dakika ngapi akawaje". Na wewe umeshalijibu kwenye barua yako. Yai: robo saa, uvimbe, mapele, kutapika. Hapo hata hiyo 1.8 inayoonekana ndogo ina uzito, kwa sababu kwa mtoto wa chini ya miaka 2 yai likifika kama 2 tu wataalamu wengi wanaona uwezekano wa kudhurika ni mkubwa sana, wakati kwa wakubwa mstari huo uliwekwa kwenye 7. Karanga: miezi zaidi ya sita ya uji bila kipele. Hilo ni jaribio tosha, limefanyika jikoni kwako, na linaishinda 0.42.

Tena kuziacha karanga bila sababu kuna hatari yake. London walichukua watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai, yaani watoto kama wa kwako kabisa, nusu wakalishwa karanga, nusu wakakatazwa. Majibu yakatoka 2015: walipofika miaka 5, kwa waliokatazwa kama 17 kati ya 100 walikuwa na aleji ya karanga, kwa waliolishwa kama 3. Mwili wa mtoto mwenye ngozi iliyochubuka unahitaji kuzoea chakula kwa mdomo, ukimnyima muda mrefu unaweza ukasahau. Kwahiyo nenda kwa daktari wa watoto wiki hii hii, sio mwezi ujao, mrudishe kimoja kimoja, mchana, mtoto akiwa mzima, unaanza na kidogo. Karanga ziwe za kusaga, nzima zinampalia. Na huo uzito apimwe tena, gramu 400 kwa mtoto wa umri huo sio mchezo.

Hiyo 712 nyekundu isikunyime usingizi. IgE ya jumla hupandishwa na pumu ya ngozi yenyewe, na minyoo, na haikuonyeshi chakula chochote. Huku kwetu hilo ni la kukumbuka: Ghana waliwahi kukuta watoto wa shule wana IgE ya karanga iko juu damuni, wakipimwa kwenye ngozi wengi hamna kitu, na iliendana na kichocho.

Yai sasa. Acha, pamoja na keki na hafukeki, na biskuti zenye yai, na ukinunua maandazi ya watu uliza. Ila wengi huachana na aleji ya yai wakikua, kwahiyo baada ya kama mwaka apimwe tena, na namba ikishuka arudie kula yai hospitalini mbele ya daktari, sio kwa shangazi siku ya Idi. Na sindano ya surua ya miezi 18 asikose, aleji ya yai haiizuii. Ya homa ya manjano ndo useme kwanza, mana ile inatengenezwa kwenye mayai. Siku akila yai kwa bahati mbaya na ukaona anakohoa, anapumua kwa mlio, sauti imekauka au amelegea, ni hospitali moja kwa moja akapigwe adrenalini ya paja. Piriton inatuliza muwasho, koo lililobana haifungui, usikae nyumbani ukisubiri ifanye kazi.

SWALI: Mimi wa Nairobi. Kuna mdada ananiuzia kipimo cha vyakula 90, tone moja la damu ya kidole, mtoto wa miaka 3. Alipima wa jirani yangu akaambiwa aache vyakula 31. Ni sawa?

JIBU: Muulize anapima IgE, wale walinzi wa mwili niliowataja juu, au IgG, walinzi wa aina nyingine. Nina uhakika atasema IgG, na IgG inaonyesha tu chakula ambacho mtoto anakila, basi. Mtoto anaekula ugali na maharage kila siku, yatatoka hayo hayo. Vyama vya madaktari wa aleji vya Marekani, Ulaya na Canada vyote vimekataa kipimo hicho kitumike kutafuta aleji. Huyo wa jirani arudishiwe sahani yake.

SWALI: Tumeambiwa mtoto akapimwe aleji kwa damu Jumatatu lakini anatumia setirizini kila siku sababu ya muwasho. Nimuachishe? Na alale njaa?

JIBU: Kwa kipimo cha damu usimuachishe, haiharibu majibu, na ale uji wake kama kawaida. Cha kuchomwa vitone kwenye ngozi ndo kinataka aache dawa siku kadhaa, kwahiyo piga simu uhakikishe ni kipi wanafanya. Na uende na orodha ya alichokula na kilichotokea, andika hata kwenye simu, mana ukifika pale mtoto analia utasahau nusu.