Kwa mleta mada: mkataba wa pango na hati ya bima visomwe pamoja

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na michango ya wadau. Umesema ulihama nyumba yako ukaipangisha, bima uliyoikata ulipokuwa unaishi humo bado unailipia, na mpangaji amelimbikiza kodi ya miezi mitatu. Unauliza kama bima hiyo inatosha, na kama unaweza kubadilisha kitasa akiwa kazini. Mimi napangisha nyumba chache kwa miaka mingi, nimeshadai fidia ya bima na nimeshapeleka shauri la pango mahakamani, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Nianze na kitasa, maana hicho ndicho kinachoweza kukuponza wiki hii. Usikiguse. Katika nchi nyingi, mpangaji akishakabidhiwa funguo ana haki ya kukaa kwa utulivu hadi upangaji ukome kisheria, hata kama anadaiwa. Deni la pango lina njia yake, na kumtoa mtu ndani ya nyumba kuna njia yake. Ukibadilisha kitasa, ukikata maji au umeme, au ukitoa vyombo vyake nje bila amri ya mahakama, wewe uliyekuwa mdai unageuka mdaiwa. Atasema kulikuwa na fedha kabatini, na hutakuwa na namna ya kuonyesha kwamba hazikuwepo. Bima ya dhima, yaani ile inayolipa fidia unayodaiwa na wengine, nayo haitakufaa hapo, kwa sababu inalinda dhidi ya ajali na uzembe, si jambo ulilolifanya kwa makusudi.

Mwandikie notisi. Itaje kiasi anachodaiwa, miezi inayohusika, kifungu cha mkataba alichokivunja na siku unazompa. Siku hizo zisipungue zile za sheria, hata kama mkataba wenu umeandika chache zaidi, kwani notisi fupi inaweza kutupwa na ukaanza upya. Hakikisha una ushahidi kwamba ameipokea. Akikuletea sehemu ya kodi baada ya notisi kuisha, kuwa mwangalifu sana: kuna nchi ambako kuipokea kimyakimya kunaweza kuhesabiwa kwamba umeghairi. Stakabadhi iseme wazi kwamba hiyo ni sehemu ya deni na notisi inabaki palepale. Asipolipa wala kuhama, ndipo uende mahakamani au kwenye baraza linaloshughulikia upangaji.

Sasa bima, na hapa ndipo ninapokuomba utulie. Bima uliyonayo iliandikwa kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Kwa kampuni ya bima, nyumba yenye mpangaji ni nyumba nyingine kabisa, hata kama kuta ni zilezile. Mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema ya hali ya juu: unatakiwa kueleza kila jambo ambalo lingemfanya mwenye kampuni afikirie upya kukukubali au kiasi cha kukutoza. Kuhama na kuingiza mpangaji ni jambo la namna hiyo. Usipowaambia, utaendelea kulipa kila mwaka bila usumbufu, na siku ya moto wanaweza kukataa dai lako. Kama nyumba ina mkopo wa benki, angalia pia kama mkataba wa mkopo unakutaka uombe ridhaa kabla ya kupangisha.

Ninachosisitiza kwa kila mwenye nyumba ndogo ya kupangisha ni hiki: chukua mkataba wa pango na hati ya bima, viweke mezani pamoja, usome kifungu kwa kifungu. Watu wengi wanavihifadhi kwenye mafaili tofauti na hawajawahi kuvilinganisha, wakati vinazungumzia nyumba ileile. Mkataba wako unamruhusu mpangaji kufanya biashara ndani? Angalia hati ya bima, huenda inasema makazi tu. Unamruhusu kupangisha wengine, au kupokea wageni wa siku mbili tatu anaowapata kwenye intaneti? Angalia tena. Hati nyingi pia zina kifungu cha nyumba kukaa tupu: zikipita siku zilizotajwa, mara nyingi 30 au 60, kinga ya wizi, uharibifu wa makusudi na maji hupungua au husimama kabisa. Ndiyo maana mkataba wa pango unapaswa kumtaka mpangaji akuarifu akiondoka kwa muda mrefu.

Niwape mfano wa kwangu. Bomba la jikoni lilipasuka kwenye nyumba ya juu na maji yakashuka hadi dari ya chini. Mtathmini aliyetumwa na kampuni hakulitazama bomba kwanza. Alipiga magoti, akafungua kabati la chini ya sinki, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbao, kisha akamulika tochi kwenye kona. Alikuwa anatafuta mbao zilizovimba na alama za ukungu. Bomba lililopasuka ghafla hulipiwa. Maji yaliyovuja kidogo kidogo kwa miezi kwa kawaida hayalipiwi. Nilikuwa na picha za siku ya makabidhiano zinazoonyesha kabati hilo likiwa kavu, na ujumbe wa simu wa mpangaji ulioonyesha saa aliyogundua, kwa kuwa mkataba wetu unamtaka aripoti hitilafu mara moja na kwa maandishi. Dai lililipwa. Lakini godoro na televisheni ya mpangaji wa chini havikuwemo, maana bima ya mwenye nyumba inalinda jengo na vitu vyangu nilivyoviacha humo. Mkataba ulikuwa umemweleza hilo mapema na kumshauri akate bima ya vyombo vyake, naye alikuwa ameikata.

Kuna jambo jingine ambalo hati zote mbili zinaliacha nje, nalo ni uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua huwezi kuikata kwenye amana ya mpangaji, na bima haiilipi. Hilo ni lako. Ndiyo maana orodha ya makabidhiano yenye picha na sahihi za pande zote mbili ina thamani kubwa: bila hiyo, kila ufa utabishaniwa kama ni uchakavu au ni uharibifu.

Mdau mmoja hapo juu amesema bima ya upotevu wa kodi itakulipa miezi hii mitatu. Kwa heshima, si hivyo. Bima hiyo hulipa pale nyumba inaposhindwa kukalika kwa sababu ya janga lililokatiwa bima, kama moto. Mpangaji anayegoma kulipa anahitaji bima ya dhamana ya kodi, ambayo ni kitu tofauti, haipatikani kila mahali, na kwa kawaida haipokei deni lililokwisha kuanza.

Kuhusu kiasi cha kukatia, usitumie bei ambayo ungeiuzia nyumba. Bei hiyo ina kiwanja ndani yake, na ardhi haiungui. Tumia gharama ya kuijenga upya, pamoja na kusafisha kifusi na ada za wataalamu. Ukikata pungufu, kampuni inaweza kutumia kanuni ya wastani: jengo la kujengwa upya kwa milioni 100 ukilikatia bima ya milioni 60, hasara ya milioni 30 italipwa milioni 18 tu, halafu humo watakata ile sehemu ya kwanza ya hasara unayoibeba mwenyewe. Watu huumia sana hapa kwa sababu hasara yao ilikuwa ndogo kuliko kiasi cha bima, wakadhani wapo salama.

Kwa hiyo kesho andika barua au baruapepe kwa kampuni yako, isiwe simu. Taja tarehe uliyohama, tarehe mpangaji alipoingia, idadi ya wakazi, matumizi ya nyumba, na kwamba kuna mgogoro wa kodi. Omba hati ya nyongeza inayotambua upangaji na dhima yako kwa mpangaji na wageni wake. Wakijibu kwamba hawakatii bima nyumba za kupangisha, tafuta kampuni nyingine, waeleze yote hayo tena, na uombe urejeshewe malipo ya muda uliobaki kwa ile ya kwanza. Ila usiifute ya zamani kabla hati mpya haijaanza kufanya kazi.